Baba yuko kwenye kemo, homa ikapanda usiku, tukampa Panadol tukalala

BARUA

Shikamoo dada,

Naomba jina langu usilitaje. Na samahani mapema maana hii barua haitakua imepangika, naandika usiku mzee kalala na mimi usingizi sina, siku hizi nalala kwa kuibia.

Baba ana miaka 67, ana saratani ya mapafu, ile wanayoiita ya seli ndogo. Kemo yake ni dripu siku tatu mfululizo alafu anarudi nyumbani mpaka ifike siku ya 21 ndo anaanza tena. Mzunguko wa kwanza alichoka, akatapika mara mbili tatu, basi. Kikohozi kikapungua, sauti ikarudi, akaanza hadi kutania watu kwenye simu, tukasema kumbe hii kemo watu wanatishana bure tu. Mzunguko wa pili nao dripu zikaisha vizuri.

Siku ya tisa, saa tatu usiku, akasema anasikia baridi. Nikamfunika blanketi, akaomba la pili. Kaka yangu akaleta kipimajoto, 38.4. Tukaangaliana. Mimi nikasema twende hospitali, kaka akasema usiku wote huu tumtoe mtu yuko hivi tukakae foleni kwa ajili ya homa tu, tumpe Panadol kwanza tuone. Na dada nisikudanganye, moyoni nilifurahi kwamba kaamua yeye. Tukampa vidonge viwili. Saa tano nikapima tena, 37.2, jasho limemtoka, anasema yuko sawa anataka kulala. Nikaandika kwenye grupu la familia "homa imeshuka, Mungu mkubwa", watu wakaweka makopakopa, tukalala.

Saa kumi alfajiri nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nilidhani kuna mtu anasogeza meza. Kumbe ni baba, anatetemeka mpaka ubao wa kitanda unagonga. Nikamuuliza baba vipi, akaniita kwa jina la marehemu mama. Mikono barafu, anapumua haraka haraka kama mtu aliyetoka kukimbia.

Tulipofika hospitali (siitaji) tukasema mzee ana homa. Wakaandika homa, tukaambiwa tukae tutaitwa. Tumekaa kwenye benchi dakika arobaini na kitu, mpaka nesi mmoja ambaye alikua anapita zake tu akamwangalia baba kichwani hana nywele akauliza, huyu yuko kwenye dawa za saratani? Nikasema ndio. Dada, sijawahi kuona watu wanakimbia vile. Presha 80 kwa 45. Chembe zile za kinga wakasema ziko 200. Dripu mbili kwa mpigo, oksijeni, ICU siku nne, kwa jumla tumekaa hospitali siku kumi na moja.

Amepona, yuko nyumbani, amekonda ila anaongea. Sasa shida ni sisi. Kaka anasema kemo ndo ilitaka kumuua na hatakubali aendelee. Pia anasema hao hao hospitali ndo walimuambukiza nimonia, kwa sababu picha ya kifua waliyompiga asubuhi ile tumeingia ilionyesha ule uvimbe tu, nimonia hakuna, alafu ya siku ya nne ikawa nayo. Shangazi anataka baba afungiwe chumbani asionane na mtu. Baba mwenyewe hataki hata kuona kipimajoto, nikimsogelea nacho anafunga mdomo kama mtoto. Na daktari anasema mzunguko wa tatu uendelee, dozi atapunguza na kutakua na sindano ya kuongeza chembe nyeupe, anataka jibu wiki ijayo.

Ninachotaka kujua, ile Panadol ndo ilimfikisha ICU? Maana kile kikaratasi cha maelekezo tulipewa siku ya kwanza kabisa, nimekikuta juzi ndani ya bahasha ya picha za CT, kimeandikwa wazi homa ikifika 38 piga simu saa yoyote. Sijamwonyesha kaka. Kemo aendelee au aache? Na usiku mwingine ikitokea tufanyeje?

NB: Mdogo wangu amejifungua, mtoto ana miezi mitatu sasa, baba kila siku anauliza lini ataletewa mjukuu wake ambebe. Shangazi amekataa katakata. Na hilo nijibu tafadhali.

Mimi mtoto wa pili

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na hongera, maana mzee yuko hai na anaongea, kuna nyumba nyingi zenye hadithi kama yenu ambazo haziishii hapo.

Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu, na hii stori yenu nilikua naisikia karibu kila wiki, inabadilika jina la mgonjwa tu. Homa saa za usiku, Panadol, homa imeshuka, familia imelala, alfajiri mtu anatetemeka. Kwahiyo nitakujibu kila kitu lakini nianze na ile Panadol maana naona ndo inayokunyima usingizi.

Hapana, Panadol haikumpeleka ICU. Bakteria ndo walimpeleka. Ilichofanya Panadol ni kufuta joto kwenye kipimajoto wakati bakteria wako palepale kwenye damu wanaendelea kuzaliana, na nyie mkaona 37.2 mkaamini kimeisha. Mlipoteza masaa saba. Sitakuficha kwamba hayo masaa ni mengi, kwa mtu asiye na kinga hayo ndo masaa yenyewe. Lakini mtu mwenye homa kupewa Panadol ndo kitu ambacho kila mmoja wetu amefanyiwa tangu mtoto, kaka yako hakutoa hiyo akili mfukoni mwake. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba taarifa kubwa kuliko zote mliyotakiwa kuondoka nayo pale ilikua kwenye kikaratasi, ndani ya bahasha, katikati ya makaratasi mengine ishirini. Hiyo inatakiwa isemwe kwa mdomo, mbele ya watu wawili wa familia, na warudie wenyewe wamesikia nini. Nesi aliyewapa karatasi bila kuwaeleza naye ana fungu lake. Mwonyeshe kaka yako hicho kikaratasi, ila usimwonyeshe kwenye grupu, mwonyeshe mkiwa wawili na umwambie na wewe ulikua umekisahau na kwamba usiku ule ulifurahi kaamua yeye. Naona hasira yake kwa kemo nusu yake ni hasira na nafsi yake.

Sasa nikueleze nini kilitokea mwilini, maana ukielewa hapa mengine yote yanajieleza.

Kemo inapiga seli zinazozaliana haraka. Saratani inazaliana haraka, hasa hii ya seli ndogo, ndo maana kikohozi cha baba kilipungua upesi vile. Lakini uboho wa ndani ya mifupa nao unazalisha damu usiku na mchana, na wenyewe unapigwa. Kati ya chembe nyeupe kuna zinazoitwa neutrofili, hizo ndo za kwanza kufika bakteria wakiingia, na maisha yake kwenye damu ni mafupi mno, hata siku mbili hazimalizi, kwahiyo uboho ukisimama kidogo tu hizo ndo zinaisha kabla ya zingine. Kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha zinapanda zenyewe kabla mzunguko mwingine haujaanza. Siku ya tisa ya baba iko katikati kabisa ya hapo. Mtu mzima kwa kawaida anakua na kuanzia kama 1500 kwenda juu katika tone dogo la damu wanalohesabia, chini ya 500 ni hatari, yeye alikua na 200. Hili halijagunduliwa jana, mwaka 1966 daktari Gerald Bodey na wenzake kule Marekani walionyesha kwa wagonjwa wa saratani ya damu kwamba kadri chembe hizi zinavyopungua, na kadri zinavyokaa chini muda mrefu, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Enzi hizo watu wengi walikufa wakisubiri majibu ya maabara yaseme ni bakteria gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndo madaktari wakaanza kutoa antibayotiki kali papo hapo homa ikionekana, majibu yatakuja baadae, na mpaka leo ndivyo inavyofanyika. Kinacholengwa ni dozi ya kwanza iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike mlangoni.

Saa moja mdogo wangu, na nyie mmekaa benchi dakika arobaini.

Bakteria wenyewe wametoka wapi? Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanatafuta nani kamuambukiza. Mara nyingi wanatoka kwa mgonjwa mwenyewe, tumboni, mdomoni, kwenye ngozi. Wako pale miaka yote hawana neno, ila kemo inachubua utando wa mdomo na wa utumbo, vinjia vinafunguka, wanaingia kwenye damu na hakuna wa kuwazuia. Na kwa saratani ya mapafu kuna la ziada: uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa, makohozi ya nyuma ya pale yanakosa pa kutokea, yanakaa yanaoza, nimonia inaanzia hapohapo. Ongeza miaka ya sigara kama alivuta, ongeza umri wa kupita 65, unaona mwenyewe.

Sasa njoo kwenye zile picha mbili za kifua, maana hapo kaka yako ana swali zuri kabisa ila jibu alilojipa sio. Ile weupe unaouona kwenye picha ya nimonia, sehemu kubwa yake ni usaha na majimaji, na usaha ni hizo hizo neutrofili zilizokwenda kupigana zikafia pale. Baba alikua hana za kupeleka. Ndo maana picha ya kwanza ilitoka safi, na ndo maana pengine hata hakua na makohozi mengi, wakati ugonjwa upo. Chembe ziliporudi kwenye siku ya nne hivi zikakimbilia pafuni na picha ikachafuka, hapo mgonjwa anaonekana kama amezidiwa kumbe kinga inarudi. Nimeona familia nyingi zikigombana na madaktari kwa picha hiyo ya pili. Siwezi kuapa kwamba kwa baba ilikua hivyo asilimia mia, hospitali nazo watu wanaambukizwa kweli, lakini kwa mtu aliyefika na presha 80 kwa 45, anahema, hamtambui mwanae, ugonjwa alikuja nao.

Hali ile inaitwa sepsisi. Ni mwili unapopambana na maambukizi mpaka unajiumiza wenyewe, presha inaporomoka, figo na ubongo vinakosa damu. Kukuita jina la mama ilikua dalili, kama ulidhani ni ndoto. Mtu wa kemo akianza kuchanganya watu, akahema haraka, akakosa mkojo toka asubuhi, ngozi ikawa na mabakamabaka au mikono ya barafu wakati kifua kinachoma, hapo hata kipimajoto usikitafute, ondokeni.

Usiku mwingine ikitokea. Mpimeni kwa mdomo, kipimajoto kilekile kila siku, asiwe ametoka kunywa kitu cha moto au cha baridi, subirini robo saa hivi. Kwapani huwa inasoma chini kidogo kwahiyo inaweza kuwadanganya. Ikifika 38, pigeni namba mliyopewa na muwe tayari mnavaa viatu, msisubiri kupima tena ili muone kama itashuka. Akitetemeka vile hata kama inasoma 37, nendeni. Ikishuka chini ya 36 na mtu hayuko sawa, nendeni pia, wazee wengine badala ya kupanda joto wanapoa. Na kuna siku atakua kwenye zile dawa za steroidi wanazompa kuzuia kutapika, nazo zinaficha homa kama Panadol, kwahiyo "hana homa ila simwelewi leo" ni sababu tosha. Usione aibu kwamba utawasumbua wa zamu. Mimi nimepokea hizo simu saa nane za usiku, ninayoikumbuka kwa uchungu ni ile ambayo haikupigwa.

Alafu mkifika, msiseme mzee ana homa. Hiyo ndo sentensi iliyowaweka benchi, maana mwenye homa anaweza kusubiri. Semeni hivi: huyu yuko kwenye kemo ya saratani ya mapafu, leo ni siku ya tisa, ana homa 38.4, tunahofia chembe nyeupe zimeshuka. Andika hayo maneno kwenye kadi, acha nafasi ya siku na ya joto, weka majina ya dawa zake na namba ya wodi, kadi ikae kwenye mfuko wa koti lake sio kwenye bahasha ya CT. Na mtu wa mapokezi akisema subirini, wewe mwenye adabu zako siku hiyo ziache nyumbani, omba kuongea na nesi mkuu wa zamu.

Kitu kingine ambacho hukuuliza. Dawa za kuzuia kutapika zinafunga choo, na kwenye familia lazima atatokea mtu mwenye huruma atakayesema mzee apigwe bomba au awekewe kidonge kwa nyuma. Msikubali, na kipimajoto cha huko nyuma msikubali. Mchubuko mdogo pale, wakati kinga iko chini, ni mlango mkubwa wa bakteria. Kuna dawa za kunywa za kulainisha choo, ombeni hizo. Mswaki uwe laini, vidonda vya mdomo vikianza mseme. Kama amewekewa mrija wa kudumu wa dripu, angalieni wekundu na maumivu pale, na akianza kutetemeka baada tu ya mrija kusafishwa au kutumika, semeni neno kwa neno hivyohivyo, kwa daktari linamaanisha kitu.

Kipimajoto anachokikataa. Ujue ulivyomsogelea nacho mara ya mwisho aliishia ICU, na yeye kichwani kwake hicho kidude ndo kinamrudisha. Acha kumpima. Mpe kipimajoto chake, daftari na kalamu, ajipime mwenyewe asubuhi na jioni aandike, wewe kazi yako ni kusoma daftari. Wazee wengi niliowaona wakipewa wao usimamizi wanakua wakali kuliko manesi.

Kuendelea na kemo au kuacha. Hapa sitakuamulia na wala grupu la familia lisiamue, anayeamua ni baba akiwa amekaa na daktari wake na ameelezwa vizuri, ana akili zake timamu. Ila nikupe vitu vya kuuliza. Matibabu haya lengo lake ni nini, kuiondoa saratani au kuirudisha nyuma apate muda mzuri? Picha za sasa zinaonyesha uvimbe umepungua kiasi gani? Tukiacha sasa hivi nini kinategemewa na baada ya muda gani? Maana saratani ya seli ndogo ikiachwa huwa haisubiri, kaka yako anapima hatari ya kemo peke yake wakati upande wa pili wa mzani nao una kitu. Na alichopendekeza daktari ndicho kinachofanyika kawaida: mtu akishapata homa ya aina hii mara moja uwezekano wa kuipata tena unaongezeka, kwahiyo wanapunguza dozi, au wanasogeza tarehe mpaka damu ijae, au wanaongeza ile sindano, au vyote. Sindano inaitwa filgrastimu au nyingine za jamii yake, inasukuma uboho utoe neutrofili haraka. Haichomwi siku moja na kemo, inaanza angalau masaa 24 baada ya dripu ya mwisho. Na inauma, sio sindano yenyewe, ni mifupa, kiuno na mapaja na kifua, kwa sababu uboho unafanya kazi kupita kiasi. Unaona mtego ulipo? Ataumwa mifupa, atataka Panadol, na mtarudi palepale. Kanuni iwe moja nyumbani: hakuna kumeza Panadol kabla ya kupima joto na kuandika kwenye daftari. Ikisoma chini ya 38 na maumivu ni ya mifupa, ulizeni timu yake kama ameze na kiasi gani. Ikisoma 38, kidonge kinarudi kwenye pakiti.

Shangazi na kumfungia mzee chumbani. Mwambie shangazi, kwa heshima, kwamba bakteria wengi wa hatari baba tayari anao mwenyewe tumboni, mlango wa chumba hauwazuii. Kinachotoka kwa wageni ni mafua, korona, vikohozi, na hivyo kwa pafu lenye uvimbe sio mzaha. Kwahiyo mwenye mafua au kikohozi asije, apige simu. Anayekuja anawe mikono mlangoni. Zile siku za 7 hadi 14 punguzeni idadi, msijaze chumba, zingine aone watu wake. Nyie mnaokaa naye chanjo ya mafua chomeni, na yeye aulize kuhusu ya mafua na ya nimonia, hizo sio chanjo hai anaweza kupata, ila zile zenye virusi hai hapana mpaka daktari aseme. Chakula kisafi kilichoiva vizuri kinatosha, hamna sababu ya kumnyima hiki na kile, na zile chupa za "kuongeza kinga" mtakazoletewa zipelekeni zikaonwe na daktari au mfamasia kabla hajanywa tone.

Hapa niweke neno kwa wengine wanaosoma na wagonjwa wao hawako kwenye kemo ya aina hii. Kuna wanaotumia zile dawa za kuamsha kinga, akina pembrolizumabu na nivolumabu, na kuna waliomaliza mionzi ya kifua. Zile za kuamsha kinga zikitumika peke yake kwa kawaida hazishushi neutrofili hivi, lakini kuna wakati kinga iliyoamshwa inaligeukia pafu lenyewe, na mionzi nayo inaweza kuwasha pafu hata miezi kadhaa baada ya kumaliza. Unaona kikohozi kikavu, pumzi fupi, wakati mwingine homa, inafanana na nimonia kabisa na antibayotiki haifanyi kitu, inatibiwa kwa steroidi. Sasa hizo steroidi kwa dozi kubwa wiki nyingi nazo zinafungua mlango kwa fangasi wa mapafu na hata TB ya zamani iliyokua imelala, ndo maana utaona mtu anapewa na septrini ya kinga pembeni. Msiikatishe mkidhani ni dawa ya ziada, na steroidi msiiache ghafla. Pumzi ikibadilika, hata kidogo, ngazi alizopanda juzi leo hazipandi, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Nirudi kwako mtoto wa pili. Umesema unalala kwa kuibia. Kaa na kaka yako mgawane usiku, siku ya 7 hadi 14 mmoja alale usingizi mzito kabisa mwingine awe macho kidogo, kisha mnabadilishana, na atakayekua zamu akiona 38 anaondoka na mzee bila kumuuliza mwenzie. Muwe mmeshakubaliana mapema, usiku ule kilichowakwamisha pia ni kwamba mlikua wawili mnaangaliana.

Na mjukuu. Mleteni. Mngoje damu ya baba ioneshe chembe zimepanda, mama yake asiwe na mafua wala mtoto asiwe na mafua, mzee anawe mikono, abebe mpaka achoke. Chanjo za kawaida za mtoto ziendelee, zinamlinda na babu yake, ila mwambieni daktari ni zipi kapata karibuni maana ile ya matone ya kuhara inatoka na kinyesi kwa muda baada ya kupewa, na ya matone ya polio pia. Kwahiyo kubeba abebe, nepi abadilishe shangazi.